Siku moja maishani mwangu: napiga deki Kanisa Kuu la Ely

Saa 12 na nusu asubuhi nimeshatoa ndoo. Kanisa Kuu la Ely, mashariki mwa Uingereza, lilianza kujengwa mwaka 1083. Ndugu zangu Tanga wananionea huruma wakisikia nafanya usafi. Wasinihurumie.

Hadi saa 3 ni kufagia na kubandua nta ya mishumaa, kwa kipande cha plastiki, taratibu. Hili ni jiwe la chokaa: chuma hulikwaruza, siki hulila.

Saa 4 wageni wanaingia na mvua yao. Chini ya mnara wa magharibi sakafu imechorwa njia ya kuzungukazunguka, ya mwaka 1870, na watoto wanaifuata na viatu vya tope mpaka katikati. Nikimaliza kupiga deki wanakuja wengine.

Saa 6 nilikuwa kwenye kanisa dogo la Bikira Maria, nafuta viti vya mawe. Sanamu za ukutani sizigusi, hizo zina mafundi wake, ila nazitazama kila siku. Mabaki ya rangi bado yamo kwenye mikunjo. Karibu zote hazina vichwa. Bwana mmoja akamwambia mkewe ni Oliver Cromwell, yule mtawala wa Uingereza wa karne ya 17, aliyevivunja. Nikasema, samahani, si yeye. Akalitazama dekio langu.

"Niitie mtu anayejua."

Nikamweleza: amri ilitoka kwa Askofu Goodrich mwaka 1541, wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Waprotestanti walipopinga sanamu makanisani. Cromwell alizaliwa 1599. Akasema mbona nyumba ya Cromwell iko hapa hapa Ely? Ni kweli, alihamia 1636, akazikuta sanamu hazina vichwa karibu miaka 100. Hakukubali. Akanifuata ukuta mzima akibisha, mimi nimeinama na kitambaa, hadi akapita mwongoza wageni akamwambia yale yale. Akamshukuru yule. Mimi akaniambia sakafu inateleza.

Iliniuma. Bado inaniuma.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Choo kimeziba, mtoto ametapika, magoti yanawaka.

Kwaya inapoanza sala ya jioni nakaa nyuma, natazama juu. Mnara wa kati uliporomoka hapa mwaka 1322. Badala ya kurudisha mawe, seremala William Hurley alisimamisha nguzo nane za mwaloni, kila moja mita 19 hivi, zikabeba mnara wa mbao na vioo unaoingiza mwanga kama taa. Mwanga wa mwisho huingilia pale.

Wageni wakitoka, narudi na ndoo kwenye ile njia ya watoto. Tope limeshakauka.