Mad Max: Fury Road na Hesabu Mbili Zisizolingana

Wikiendi ya katikati ya Mei 2015, Mad Max: Fury Road ilipoanza kuoneshwa Marekani, nafasi ya kwanza katika mauzo ya tiketi ilikwenda kwa Pitch Perfect 2, filamu ya vichekesho kuhusu wasichana wa chuo wanaoimba bila ala. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 29 na katika siku tatu ikakusanya zaidi ya dola milioni 69. Fury Road, ambayo gharama yake ilizidi dola milioni 150, ilikusanya dola milioni 45. Kwa wanaoipima filamu kwa siku zake tatu za kwanza, na katika biashara ya sinema ya Marekani hao ndio wengi, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Lakini wiki hiyohiyo wahakiki walikuwa wakiiandikia sifa ambazo filamu za mapigano huzipata kwa nadra sana, na mimi tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza imekuwaje watu wawili waitazame kazi moja, mmoja aone hasara na mwingine aone kazi bora ya muongo mzima.

Fury Road ni filamu ya nne ya mfululizo ulioanza mwaka 1979, wakati George Miller, daktari kijana wa Australia aliyewahi kuhudumia majeruhi wa ajali za barabarani, alipotengeneza Mad Max ya kwanza kwa fedha zisizofika dola 400,000 za Australia. Filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 100 duniani, na kwa miaka mingi ilishikilia rekodi ya faida kubwa kuliko zote ukilinganisha na gharama. Zilifuata nyingine mbili, ya mwaka 1981 na ya mwaka 1985, kisha kimya cha miaka 30. Kimya hicho kina uzito katika hesabu ya mauzo kuliko inavyosemwa mara nyingi. Filamu ya mwendelezo huuzwa na kumbukumbu ya iliyotangulia, ilhali kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2015 hakuwa amezaliwa Mel Gibson alipoigiza Max, mhusika mkuu, kwa mara ya mwisho. Kwake yeye, Tom Hardy, aliyemwigiza Max safari hii, hakuwa akirithi nafasi ya mtu yeyote. Ongeza kwamba nchini Marekani filamu hii iliwekwa katika daraja linalomtaka mtazamaji aliye chini ya miaka 17 aambatane na mtu mzima, na utaona kwamba sehemu kubwa ya watu ambao kwa kawaida hujaza kumbi mwezi Mei ilikuwa imezuiwa mlangoni.

Fedha zilikwenda wapi? Zilikwenda jangwani. Miller alikusudia kupiga picha karibu na Broken Hill, Australia, lakini mvua zisizo za kawaida ziliotesha maua pale palipotakiwa kuwa na vumbi, na kazi ikalazimika kuhamia Namibia, ambako ilifanyika kwa miezi kadhaa ya mwaka 2012. Magari yalitengenezwa kwelikweli na kugonganishwa kwelikweli. Watu walining'inia juu ya nguzo ndefu zinazoyumba huku magari yakienda kasi. Kompyuta ilitumika pia, hasa kwa anga, kwa dhoruba ya mchanga na kwa kufuta kamba za usalama, lakini uzito wa chuma unaouona ni uzito wa chuma. Picha zilizorudi kutoka huko zilifikia takriban saa 480, nazo zikakabidhiwa kwa Margaret Sixel, mke wa Miller, ambaye hakuwa amewahi kuhariri filamu ya mapigano. Alizipunguza hadi saa mbili zenye mikato ipatayo 2,700, yaani mahali ambapo picha moja hukatwa na nyingine kuingia. Mikato mingi kiasi hicho kwa kawaida humchosha mtazamaji na kumpoteza. Hapa haimpotezi, kwa sababu mpiga picha John Seale aliagizwa kukiweka kila kinachohusika katikati ya fremu, hivyo jicho halina haja ya kutafuta upya kila picha inapobadilika.

Nadhani jambo hili ndilo wahakiki walilolisifu, hata wale waliokosa maneno ya kulieleza na kuishia kusifu kasi tu. Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, iliipa asilimia 97. Tarakimu hiyo hueleweka vibaya: maana yake ni kwamba wahakiki 97 katika kila 100 waliipenda, hata kama waliipenda kwa kiasi tu. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo ambayo hupima kiwango chenyewe cha sifa, iliipa 90 kati ya 100, na kwa filamu ya magari yanayokimbizana huo ni ushahidi mzito zaidi. Waliozungumzia maudhui walijadili zaidi Furiosa, mhusika wa Charlize Theron, na wanawake watano anaowatorosha kutoka kwa mtawala anayewamiliki kama mali. Wapo wachache waliolalamika kwamba Max amewekwa pembeni ndani ya filamu inayobeba jina lake. Mimi naona kwamba kumweka pembeni ndiko kunakompa heshima, kwani katika tukio lililo bora kuliko yote yanayomhusu, Max anakosa shabaha mara mbili, anabakiwa na risasi moja, kisha anampa Furiosa bunduki na kumkopesha bega lake aegemee.

Watazamaji wa kawaida hawakufika mbali kiasi hicho. CinemaScore, kampuni inayowahoji watu wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza, iliripoti alama ya B+. Ni alama nzuri, lakini filamu kubwa zilizopendwa sana hupata A, na pengo hilo kati ya wahakiki na waliolipa kiingilio halipaswi kufunikwa. Mtu aliyeingia akitarajia kuelezwa habari za Max tangu mwanzo alitoka mikono mitupu, kwa sababu filamu haielezi. Inakimbia, na kila unachohitaji kukijua unakipata kwa kutazama.

Hapo nina ushahidi wangu mwenyewe, mdogo lakini ninaouamini. Sikuiona mara ya kwanza katika ukumbi wa kifahari; niliiona katika kibanda umiza, juu ya mabenchi ya mbao, katika nakala iliyokuwa na sauti ya mtafsiri juu ya sauti za waigizaji. Kwa kawaida mtafsiri ndiye anayeibeba filamu pale: anafafanua, anatania, anawapa wahusika majina. Safari hii alinyamaza kwa dakika nyingi mfululizo, kwa kuwa hapakuwa na maneno ya kutafsiri, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza nini kinaendelea. Miller amekuwa akirudia wazo la mwongozaji wa zamani Alfred Hitchcock kwamba filamu itengenezwe namna ambayo watu wa Japani hawatahitaji kusoma maandishi chini ya picha. Wazo hilo niliwahi kulisoma nikalipita. Pale kibandani ndipo nilipolielewa. Mauzo ya kibanda kile, bila shaka, hayamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Hesabu rasmi iliishia hivi: takriban dola milioni 154 Marekani na Kanada, na takriban milioni 380 duniani kote. Kiasi cha Marekani na Kanada ni zaidi ya mara tatu ya kile cha wikiendi ya kwanza, dalili kwamba watu waliendelea kuambizana. Hata hivyo wenye kumbi huchukua karibu nusu ya kila tiketi, na gharama za matangazo huwa nje ya bajeti ya utengenezaji, ndiyo maana yalichapishwa makadirio kwamba studio ilipata hasara ya makumi ya mamilioni ya dola kutokana na maonesho ya kumbini. Mwezi Februari 2016 filamu hiyo ikaenda katika tuzo za Oscar ikiwa imependekezwa mara 10, ikiwamo filamu bora na mwongozaji bora, na ikaondoka na tuzo sita, nyingi kuliko filamu nyingine yoyote usiku ule. Moja kati ya hizo ilikuwa ya Sixel. Zote sita zilikuwa za ufundi, na bado nasikitika kwamba Miller, aliyeshikilia mradi huo kwa zaidi ya muongo mmoja, hakupata ya uongozaji.

Kilichofuata kinaonesha jinsi sifa na fedha zilivyochanganywa. Kwanza kampuni ya Miller na studio ya Warner Bros. zilifikishana mahakamani Australia kwa ajili ya bonasi ya dola milioni 7 iliyotegemea gharama halisi ya filamu, na miaka ikapita. Kisha mwaka 2024 ikatoka Furiosa, inayosimulia maisha ya mhusika huyo kabla ya matukio ya Fury Road, kwa bajeti ya takriban dola milioni 168. Wahakiki waliisifu tena, wapatao tisa katika kila 10. Duniani kote ilikusanya takriban dola milioni 174, pungufu ya nusu ya ile iliyotangulia. Nadhani waliotoa fedha waliusoma upendo wa miaka tisa, wa watu walioirudia Fury Road majumbani na kuijadili kila mwaka, wakaudhania kuwa ni foleni ya tiketi. Upendo huo ni wa kweli, nami ni mmoja wao, lakini wengi wetu hatukuipenda filamu ile mbele ya dirisha la tiketi.

Miller alikuwa na miaka 79 Furiosa ilipotoka. Anayo hadithi nyingine ya Max, na alisema hadharani kwamba kabla ya kuifikiria angesubiri kwanza kuona Furiosa itapokewaje.