Difu za mjomba zinabaki

Leo injini ya Toyota 3L (jina la modeli, si lita tatu) imekaa ndani ya Land Rover fupi ya mjomba, na boneti imefunga bila kupigwa ngumi. Gari ni Series III, ile ya inchi 88 kati ya ekseli, iliyolala chini ya mwembe hapa Mikindani tangu petroli ilipomshinda mwenyewe. Injini ya asili ilikuwa ya petroli, cc 2286. Hii ni dizeli, cc 2779, imetoka kwenye Hilux iliyopinduka.

Wanaopita gereji wanatazama injini tu. Mimi jicho langu liko kwenye bamba la chuma linalounganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover. Fundi wa kukereza, mzee asiyependa kuharakishwa, alikataa kulifunga kwa kukisia. Alibana saa ya kupimia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, akawa anazungusha kranki, shafti kuu ya injini, kwa mkono, taratibu, macho kwenye mshale. Mshale ukicheza, analegeza boliti, anagonga bamba kwa nyundo ya mbao, anaanza upya. Ncha ya shafti ya giaboksi inaingia kwenye bushi ndogo ya shaba nyuma ya kranki. Ikikaa upande, klachi haiachii na beringi zinakufa mapema.

Bodi ni alminiamu, urithi wa mwaka 1948, Land Rover zilipoanza wakati chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Wanasema haliozi. Waje waone la pwani: alminiamu inapogusana na chuma, chumvi inajipenyeza, rangi inavimba, ukikwangua unatoka unga mweupe. Nimekata tyubu kuukuu nikaweka vipande katikati.

Ubishi uko kwenye difu, zile gia za kwenye ekseli zinazopokea mzunguko wa shafti ya propela na kuupeleka tairini. Za asili ni 4.7, yaani propela izunguke mara 4.7 ndipo tairi lizunguke mara moja. Kwa matairi ya saizi 7.50 niliyofunga, gia ya nne kwenye mizunguko 3000 ya injini kwa dakika inanipa kama kilomita 80 kwa saa, na hapo husikilizani na aliyekaa pembeni. Kijana wa gereji kaniletea difu za Range Rover za zamani, 3.54, mbele na nyuma, maana zisipolingana huwezi kutumia fowili, yaani tairi zote nne kuvuta. Kwa kelele ileile ningefika kama 106.

“Kaka, Lindi ni lami tupu. Utapitwa na bodaboda!”

Hesabu yake haina kasoro. Ila difu hizo zinagusa gia zote, na nguvu inayofika tairini inapungua karibu robo. Gari hili linaenda shamba la korosho Newala: mchanga, kile kipandio cha uwanda wa Makonde, magunia nyuma na watu juu ya magunia. Gia nzito, zile za nguvu nyingi na mwendo wa polepole, zipo, najua, lakini sitaki kupanda mlima mzima nikitambaa nazo. Mjomba alipoulizwa alijibu kwa kuuliza: “Kwani huko Lindi mnakimbilia nini?”

Kwa hiyo 4.7 zinabaki, na hela ya difu inaenda kwenye breki, maana ngoma zote nne zimelika. Kijana kanuna kidogo. Mzigo wake uko chini ya meza; minada ya korosho ikianza, atapata mteja mwenye haraka.