Siku ya kura Milton: saa kwa saa mezani kwa karani

Jumatatu ya Aprili 28, 2025 niliamka saa 11 alfajiri, nikaswali, nikafunga chakula cha mchana na cha usiku katika vyombo viwili, kwa kuwa karani wa uchaguzi akishakaa mezani hatoki kituoni hadi kura zihesabiwe. Nilikuwa nimepangiwa kituo kimoja cha jimbo la Milton East—Halton Hills South, magharibi mwa Toronto. Jimbo lenyewe lilikuwa jipya, kwani viti vya bunge la Kanada vilikuwa vimeongezwa kutoka 338 hadi 343, na mji wa Milton ulikuwa umekua mno. Mwaka 2001 ulikuwa na watu wapatao 31,000; sensa ya 2021 iliwakuta karibu 133,000. Mahali palipokuwa mashamba sasa pana mitaa ya nyumba mpya, na katika mtaa wangu mimi, nyumba kumi zinazofuatana zina lugha tano au sita: Kiurdu, Kipunjabi, Kiarabu, Kisomali, Kiingereza, na nyumbani kwetu Kiswahili cha Tanga.

Saa 2 na nusu asubuhi tulikuwa tumeshafika. Nilihesabu karatasi za kura mbele ya mawakala wa wagombea, nikawaonyesha sanduku likiwa tupu, kisha nikalifunga kwa lakiri. Sanduku la kura la huku ni la kadibodi, na mtu aliyezoea masanduku ya plastiki ya nyumbani anaweza kulidharau, lakini ulinzi wake ni macho ya watu wanaolitazama kutwa nzima. Wagombea wawili waliokuwa wakikabana ni Kristina Tesser Derksen wa chama cha Liberal, diwani wa Milton, na Parm Gill wa Conservative, aliyepata kuwa mbunge wa Brampton na baadaye kuiwakilisha Milton katika bunge la jimbo kuu la Ontario.

Milango ilifunguliwa saa 3 na nusu. Katika daftari langu majina mengi yalikuwa tayari yamepigwa mstari, kwa sababu kura za mapema zilipigwa kwa siku nne, Aprili 18 hadi 21, na watu zaidi ya milioni 7 nchini kote walizitumia. Hata hivyo foleni haikukatika. Kazi ni ileile kwa kila mtu: natazama kitambulisho na anwani, napiga mstari jina, nakunja karatasi niliyoiandika herufi za jina langu kwa nyuma, namkabidhi. Akirudi kutoka kwenye kituturi, natazama herufi zangu bila kuikunjua, nalinganisha namba ya kishina, yaani kile kipande chenye namba kilichoshikana na karatasi ya kura, nakichana, kisha namrudishia karatasi ili aitumbukize mwenyewe. Hapa hakuna wino wa kidoleni. Uaminifu wote umo katika mstari ule wa kalamu daftarini, na ndiyo sababu nilitumia rula.

Mnamo saa 7 mchana alifika kijana aliyekuwa na kitambulisho kisicho na anwani. Sheria inaruhusu jirani wa eneo hilohilo la kura amdhamini kwa maandishi, ila jirani mmoja humdhamini mtu mmoja tu. Kijana alitoka, akarudi na mzee mwenye kilemba anayeishi mlango wa pili, wakasaini wote wawili. Ningependa wanaosema kwamba watu wa asili mbalimbali hawawezi kujengana wangeuona ule mkono wa mzee ukiandika polepole.

Saa 10 jioni alikuja mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, ambaye alikuwa amepata uraia na hajawahi kupiga kura Kanada. Aliposikia nikizungumza na mwenzangu, uso ulimkunjuka, akasema, "Jambo, mwanangu." Nami kwa mazoea ya kwetu nikajibu, "Shikamoo, mama." Aliigeuza karatasi mara mbili, akauliza, "Na waziri mkuu tunamchagulia wapi?" Nilimweleza kwamba karatasi ni hiyo moja tu, ya kumchagua mbunge, na kwamba anayeweza kuungwa mkono na wabunge walio wengi ndiye huunda serikali. Akaniuliza yupi anafaa. Hapo nilinyamaza, nikamwonyesha kituturi, naye akaelewa.

Saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, treni zilipokuwa zikirudisha wafanyakazi kutoka Toronto, sikuinua kichwa. Saa 3 na nusu usiku milango ikafungwa.

Kuhesabu ndiko kunakopima karani. Unakunjua karatasi moja baada ya nyingine, unamwonyesha kila wakala alama, unaitaja, mwenzako anaweka kijistari. Hesabu yangu ya kwanza ilipungua kura moja ukilinganisha na idadi ya waliopiga kura mezani kwangu. Nilikuwa nimechoka, macho yanawasha, na wakala mmoja alikuwa amekwisha kuvaa koti. Nikaanza upya. Karatasi mbili zilikuwa zimeingiliana kwenye mikunjo, moja ndani ya nyingine, na mimi nilizihesabu kama moja. Tulisaini fomu ya matokeo, tukafunga bahasha, nikafika nyumbani baada ya saa 6 usiku.

Matokeo ya awali ya usiku ule yalimweka Gill mbele. Siku chache baadaye, fomu za vituo vyote zilipohakikiwa na kujumlishwa, Tesser Derksen akawa ametangulia kwa kura 29. Kwa kuwa tofauti ilikuwa chini ya moja kwa elfu ya kura, sheria ililazimu jaji asimamie hesabu mpya, na Mei 16 ikathibitika kwamba ameshinda kwa kura 21, katika jimbo lililopigiwa kura zaidi ya 60,000. Nilisoma habari hiyo jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikampigia simu mwenzangu wa mezani kumkumbusha zile karatasi mbili.