Siku Ambazo Hayupo, Ulipima?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Yohana 1:46, pale Nathanaeli, akiambiwa habari za Yesu wa Nazareti, anapouliza, "Laweza neno jema kutoka Nazareti?" na Filipo anamjibu, "Njoo uone."

Neno hili nimelisoma miaka mingi nikijiweka upande wa Filipo. Wiki hii nimejikuta upande wa Nathanaeli, tena nikiwa nyuma yake sana.

Mnajua nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Giza lililopita, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, mzigo wangu ulianza kupungua. Namwachia kijana anayenisaidia kuanika na kulinda, napima jioni, nikija kupima tena baada ya siku mbili nakuta kilo kadhaa hazipo. Mwanzo nilinyamaza. Kisha nikaanza kumchunguza. Akichelewa, nasema moyoni: ametoka kuuza. Akiwahi, nasema: amewahi ili afiche alichofanya. Akaja na viatu vipya, nikaona kesi imekwisha. Akawa mkimya, nikasema dhamiri inamsuta. Kuchelewa kulikuwa ushahidi, na kuwahi nako kulikuwa ushahidi! Hakuna alichoweza kufanya kijana yule kikamtoa hatiani.

Nikaenda na daftari langu kwa mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu mzima, nikammwagia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, siku ambazo hayupo, ulipima?"

Sikuwa nimepima hata siku moja.

Swali lile lilinikumbusha jambo nililowahi kufundishwa katika semina ya ushauri. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Mwingereza, Peter Wason, aliwapa wanafunzi 29 namba tatu: 2, 4, 6. Akawaambia zimepangwa kwa kanuni fulani, nao waitafute kwa kutaja namba tatu nyingine. Kila mara atawajibu kama zinafuata kanuni hiyo au hazifuati. Wengi waliona haraka kwamba ni kuongeza mbili. Wakajaribu 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. Wakatangaza jibu kwa uhakika, wakakosea. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda, hata 1, 7, 50. Waliopata kwa jibu lao la kwanza walikuwa 6 tu. Wengine hawakukosa akili. Waliuliza maswali ambayo walitegemea yajibiwe "ndiyo", na kila "ndiyo" ikawasogeza mbali zaidi na ukweli. Mtu akitaka kujua kama amekosea, lazima ataje namba anazodhani zitakataliwa. Hilo moyo haulipendi.

Sasa mtazameni Nathanaeli. Yohana 21:2 inatuambia alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya, kwa hiyo Nazareti haikuwa mbali naye. Dharau yake ilikuwa ya jirani, na dharau ya jirani ndiyo ngumu kung'oa kwa sababu kila siku inaokota kitu cha kujilisha. Lakini alipoambiwa "njoo uone", aliinuka akaenda. Alikwenda mahali ambapo wazo lake lingeweza kuvunjika, na Yesu akamsifu kuwa mtu asiye na hila. Mimi nafikiri sifa ile inahusu pia zile hatua alizopiga.

Kinyume chake ni sura ya 7. Nikodemo anawauliza wenzake Mafarisayo, waliotaka Yesu akamatwe, kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wanamjibu atafute, ataona kwamba Galilaya hakutokei nabii. Wao wenyewe hawakutafuta. Wangefungua 2 Wafalme 14:25 wangemkuta Yona, nabii wa Gath-heferi, na Gath-heferi iko Galilaya, karibu kabisa na Nazareti.

Wapendwa, sisi wa Usukumani tusilichukulie jambo hili kama fumbo la darasani. Bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, miaka arobaini ya kupikia watoto na wajukuu, yakaitwa alama ya uchawi. Mtoto akiugua, watu walimkumbuka bibi mwenye macho mekundu. Nani alikwenda kuhesabu nyumba zilizo jirani na bibi wa namna hiyo ambazo watoto wanacheza bila ugonjwa? Nani alihesabu watoto waliougua mahali ambapo hakuna bibi hata mmoja? Walipima siku alizokuwepo tu. Nikilifikiria hili nalia, kwa maana daftari langu liliandikwa kwa hesabu ile ile.

Kijana wangu alipokwenda Ukerewe kwenye msiba, nililinda mwenyewe pamoja na mwanangu. Nikapima jioni, nikapima tena baada ya siku mbili. Kilo zikapungua vile vile. Nilikuwa nawapima dagaa wakiwa bado na unyevu, na jua likamaliza kuwakausha. Hilo nalijua tangu nikiwa msichana. Mama yangu alinifundisha kwenye mchanga ule ule. Ila nilipokuwa natafuta mwizi, ujuzi huo haukunijia hata kidogo.

Aliporudi nilimfuata pale kwenye chanja, nikamweleza kila kitu, nikamwomba msamaha. Aliendelea kugeuza dagaa kwa muda bila kuniangalia. Kisha akasema, "Mama, nilikuwa naona unavyopima. Ndiyo maana nilikuwa kimya."