Jinsi Ninavyotambua Vifungo vya Kijeshi: Naanzia Mgongoni

Ukiokota kifungo cha kijeshi kwa detekta ya metali, jicho hukimbilia alama ya mbele. Mimi siku hizi nakigeuza kwanza, kwa sababu mgongo mara nyingi hutoa tarehe ambayo uso hauna.

Kilichonihangaisha kuliko vyote ni kipande bapa cha kijivu, laini, kimepinda ukingoni na kufunikwa udongo mgumu. Niliulainisha udongo kwa maji yaliyokenekwa, nikautoa kidogo kidogo kwa kijiti cha meno. Siki, limau na brashi ya waya siviruhusu kukaribia kifungo. Vinang'arisha, lakini huondoka na maandishi. Kisha nikazima taa ya chumbani na kumulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ukipita karibu kugusa uso wa kifungo. Vivuli vikainua namba ambayo kwenye mwanga wa kawaida haikuonekana kabisa: 44.

Namba peke yake haitoshi, maana Wafaransa nao waliweka namba za vikosi kwenye vifungo vyao. Nilikigeuza. Kimemiminwa kipande kimoja kwa aloi ya bati, na kitanzi cha nyuma cha chuma kimeliwa na kutu hadi kikabaki kisiki. Pambo la ukingoni nililinganisha na picha za vifungo vilivyohifadhiwa makumbusho, likaangukia Uingereza. Hapo tarehe zikajipanga zenyewe: askari wa miguu wa Uingereza waliagizwa kuvaa vifungo vyenye namba ya kikosi mwaka 1767, na aloi ya bati ikaachwa mwaka 1855, ikafuatwa na shaba ya manjano. Maafisa walivaa vya fedha au vilivyopakwa dhahabu, kwa hiyo hiki kilikuwa cha askari wa kawaida. Kikosi cha 44 chenyewe kiliunganishwa na cha 56 mwaka 1881, vikawa Essex Regiment.

Vya shaba vyenye vipande viwili vilivyobanwa pamoja ni rahisi zaidi, ingawa vina mtego wake. Kuanzia 1871 askari wengi wa kawaida wa Uingereza walipewa kifungo kimoja chenye nembo ya kifalme, kwa hiyo mbele hukuti kikosi hata utumie lenzi ya aina gani. Nyuma ndiko kwenye jina la mtengenezaji na mji wake, na makampuni yalibadilisha majina na anwani. Hapo unapata kipindi. Taji nalo husaidia: kwenye vifungo vya vita vyote viwili vya dunia matao yake yameinuka mviringo, ila baada ya Elizabeth II kurithi kiti mwaka 1952 yakachorwa yamebonyea katikati. Charles III amerudisha umbo la mviringo, na watafutaji wa karne ijayo watamkumbuka kwa usumbufu huo.

Vya Marekani navipenda kwa uwazi wao. Tai akiwa na ngao kifuani, herufi iliyo kwenye ngao hutaja tawi: I ni askari wa miguu, A ni mizinga, C ni wapanda farasi.

Lakini taji si hati ya jeshi. Polisi, posta, reli, hata watumishi wa nyumba za matajiri walivaa vifungo vyenye nembo na mataji. Kabla ya kuandika "jeshi" kwenye bahasha ya kifungo, napitia kwanza orodha za vifungo vyao.