Nondo iliyotoka kama muhogo

Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola na betri uwe wa kutumia nyumbani, niliivusha kwa pantoni nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa Januari 2024, mgao wa umeme umetukaba koo, na maduka ya sola Kariakoo yamejaa watu wenye hasira kama mimi. Muuzaji alisema, "Bosi, hii unachomeka tu." Nikamwamini. Mtu aliyelala siku tatu bila feni Kigamboni, mwezi wa kwanza, anaamini chochote.

Jumamosi fundi akaja, mzee mmoja wa ndala, testa ameibana sikioni kama kalamu ya karani. Nilidhani atapanda kwenye bati kutazama paneli. Wala. Baada ya shikamoo na marahaba aliuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, waya wa ardhini umeingilia wapi?"

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Akachuchumaa, akafukua mchanga kidogo, akashika nondo ya shaba, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwa vidole viwili na kuvuta. Ikatoka. Ikatoka kama muhogo wa kwenye mchanga, haikukwama hata kidogo. Urefu wake haukufika kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Aliyetufungia umeme miaka sita nyuma aliikata, na kipande kilichobaki nadhani kiliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Si nilikwambia friji inang'ata?" Kweli alikuwa akilalamika kila akigusa mlango wa friji akiwa peku, nami nikimjibu kuwa ni mawazo yake. Siku hiyo nilijifanya nakagua ukuta.

Mzee akafungua boksi la meni swichi, akapuliza vumbi na sisimizi, akaanza kufuata waya mmoja mmoja. Hapo ndipo aliponiuliza kama nimewahi kutumia jenereta. Nikamweleza: mwaka uliopita niliichomeka kwenye soketi ya jikoni kwa waya wenye vichwa viwili, nikasahau kuzima meni swichi. Jenereta iligugumia ikazimika, nikalaumu petroli.

Akaacha kazi, akanitazama. "Ulikuwa unawasha mtaa mzima. Na kama kuna kijana yuko juu ya nguzo, anajua laini imekufa, je?"

Akasema inveta yenyewe ina akili: umeme wa nje ukikatika inajitenga na laini, inabaki kuhudumia nyumba kwa betri. Ila waya zikiunganishwa ovyo, zikapita pembeni yake, akili hiyo haina kazi. Ndiyo maana alitaka waya za friji, taa na feni zitengwe kwanza, kila moja na breka yake.

Nikamuuliza, kwa tamaa, ni lini nitaanza kuuza umeme wangu. Akacheka mpaka testa ikadondoka. Mita nyingi za Luku, alisema, hazijui umeme unaoingia na unaotoka. Zinahesabu vyote kuwa umetumia. "Utawapa jua lako, na uniti wakukate." Kuuza kunataka kibali na mita inayosoma pande mbili. Akaiseti inveta isitoe kitu nje.

Jumamosi iliyofuata tulipigilia nondo mpya, moja juu ya nyingine, mpaka zikavuka mchanga mkavu na kukuta unyevu. Jirani alikuja kuuliza kama tunachimba kisima.

Kazi ilipokwisha ilikuwa Februari, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Mwalimu Nyerere umeanza kuzalisha, na mgao wenyewe unapungua. Bahati yangu hiyo. Mzee akawasha inveta. Taa ndogo ikapepesa kwa muda, inapima umeme wa nje kabla ya kujiunga nao. Kisha ikatulia.

Mke wangu akavua ndala, akaenda moja kwa moja kwenye friji.