DAP kwenye kichanga cha Kigamboni

Jamani mnaolima kichanga huku Pwani, hili limeniuma naomba niliseme. Misimu miwili nimekuwa naweka DAP, ile mbolea yenye nitrojeni na fosfeti, yote siku ya kupanda, kisoda kizima kwa shimo, kama tulivyozoea nyumbani Moshi kwenye udongo mwekundu, maana siku zote tunaambiwa nitrojeni ndo inakimbia na maji ila fosfeti haitembei, inakaa hapohapo mpaka mzizi uifuate.

Kule ni kweli. Ule wekundu ni chuma kilichoshika kutu, na chuma na aluminiamu ndo vinaikamata fosfeti, tena wakati mwingine vinaing'ang'ania hadi mmea unakosa. Sasa huu mchanga wetu mweupe chuma hauna, mfinyanzi hauna, mboji kiduchu, na DAP inayeyuka karibu yote kwenye maji. Masika ikipiga siku tatu mfululizo fosfeti inashuka chini ya mizizi inaelekea kwenye maji ya ardhini, na kisima changu maji yako mita nne tu!

Australia Magharibi, kusini ya Perth, hili limewakuta vibaya. Wafugaji walimwaga superfosfeti, nayo mbolea ya fosfeti, miaka na miaka kwenye malisho ya mchanga, ikapita mitaroni mpaka kwenye mlango wa mito wa Peel-Harvey, pale mito inapokutana na bahari, miaka ya 1970 na 1980 mwani ukajaa, harufu, watu wanateseka, ikabidi uchimbwe mfereji wa kilomita 2.5 pale Dawesville ili bahari iingie isafishe, ukafunguliwa 1994. Wakajaribu pia kuchanganya kwenye mchanga yale matope mekundu yanayobaki boksiti, yale mawe ya kutolea aluminiamu, ikishachakatwa, kwa sababu yana chuma. Yaani udongo mwekundu ambao Moshi tunaukanyaga bure.

Mimi sasa nagawa. Nusu kisoda wakati wa kupanda pamoja na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nusu baada ya wiki tatu, na mawingu yakiwa mazito siweki kabisa. Mbolea ya Minjingu nayo nzuri kwa sababu ni mwamba wa fosfeti unaoyeyuka polepole, ila pima pH (kipimo cha asidi ya udongo) kwanza, inataka udongo wenye asidi, shamba lililo juu ya matumbawe lina chokaa haitayeyuka. Kwangu ilitoka 5.6 kwa hiyo nimeiweka matuta manne ya upande wa kisimani, mengine DAP ya kugawa, na matikiti yameshaanza kutambaa.